Kujitolea Makete wakati wa baridi: mwongozo kamili wa kuvuka Juni hadi Agosti

Kila mwaka ni yaleyale. Watu wanakuja kujitolea kwenye shule, zahanati na vituo vya watoto huku juu Makete, mkoani Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, wengine kutoka Dar es Salaam na Tanga, wengine Mombasa na Kampala, wengine Ujerumani na Italia. Mwezi wa tano wanacheka na kupiga picha za ukungu. Katikati ya Juni wanaanza kuulizia basi la kurudi.

Sababu wanazotoa ni nyingi, lakini ukikaa nao jikoni unakuta ni mambo manne tu: nguo hazikauki, moto hauwaki, usingizi hauji, na hakuna mtu wa kupiga naye soga. Hata waliokulia kwenye theluji wanalia. Kwao baridi ipo nje, ndani kuna joto. Huku ndani na nje ni kulekule, tofauti ni paa.

Nimeuandika mwongozo huu nikiwa na Makete kichwani, ila unafaa pia Kitulo upande wa Mbeya, vijiji vya juu vya Njombe, na sehemu za Mufindi. Ushike jambo moja tangu mwanzo: tafuta ukavu kwanza, joto litafuata. Mtu mkavu mwenye sweta moja analala. Mwenye sweta nne zenye unyevu anakesha.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya kuvaa:

- Fulana mbili za mikono mirefu za kubana na taiti mbili (wanaume pia, hakuna atakayekuona)
- Sweta mbili za sufu
- Jaketi zito moja, na koti la mvua lenye kofia
- Soksi jozi sita. Mbili kati ya hizo ziwe nene za sufu, za kulalia tu
- Mzula, skafu na glovu
- Gambuti zinazoingia mguu ukiwa umevaa soksi mbili, na viatu vya kufunga

Vya chumbani na jikoni:

- Mablanketi mawili mazito, au moja pamoja na mfuko wa kulalia
- Maboksi makavu ya kutandika chini ya godoro
- Chupa ya chai inayotunza moto mpaka asubuhi
- Ndoo mbili zenye mifuniko, beseni, na kidumu kizito cha lita tatu au tano
- Kamba ya kuanikia na vibanio
- Viberiti kadhaa, vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa
- Tochi ya kichwani na taa ya sola

Vya mwili: mafuta ya mgando, mafuta ya kukinga jua, dawa ya maumivu, na dawa zako zote za kudumu za miezi mitatu, hasa kama una pumu.

Jinzi acha nyumbani, au leta moja. Ikilowa Jumatatu utaivaa Ijumaa. Hita ya umeme nayo usihangaike nayo. Umeme ukiwapo kijijini, hukatika usiku uleule unaouhitaji.

## Hatua ya 1: Panga tarehe, karatasi na begi la mkononi

Fika Mei. Machi na Aprili mvua bado inachezea barabara za vumbi, na Juni mwili wako hautapata muda wa kuzoea. Ukifika Mei baridi inakuja kidogo kidogo, na unakuwa umeshajua nani anauza kuni na wapi maji yanachotwa.

Kwa asiye raia wa Tanzania, kibali cha ukaazi cha daraja C ndicho kinachohusu watu wa kujitolea. Wakenya na Waganda wengi hudhani kuingia bila viza kunatosha. Kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ya kujitolea ni jingine. Taasisi inayokupokea ianze kushughulikia Uhamiaji kabla hujakata tiketi.

Ukifika, siku ya kwanza au ya pili nenda na barua yako ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Wengi wanaona ni urasimu. Lakini ukiumwa saa nane usiku, mwenyekiti ndiye anayejua nani ana pikipiki yenye mafuta.

Njiani, kosa linalorudiwa ni kuweka nguo za baridi kwenye begi kubwa. Ukipitia Chimala kwenda Matamba, chini kwenye bonde la Usangu kuna joto la kutoa jasho. Kisha gari linaanza kupanda zile kona zinazoitwa Hamsini na Saba, na kabla hujajua unatetemeka huku begi lako lipo juu ya keria chini ya magunia ya watu. Sweta, mzula na koti vikae kwenye begi la mkononi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi, na uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 kutoka usawa wa bahari.

Huko juu kabisa, siku mbili tatu za kwanza utahema ukipanda mlima mdogo. Ni kawaida. Tembea polepole, kunywa maji, usibebe ndoo ukikimbia ili uonekane shujaa.

## Hatua ya 2: Nunua nguo huku, mitumba

Usitumie hela nyingi mjini kwako kununua jaketi la dukani. Mwanjelwa na Sido pale Mbeya, au soko la Njombe, utapata sweta za sufu na makoti mazito ya mitumba kwa bei ya kuelewana. Wauzaji wa huku wanajua baridi. Wa pwani wanauza urembo.

Namna ya kuchagua: ikunje sweta mkononi, ibane, halafu iachie. Sufu hufutuka yenyewe. Pamba hubaki imejikunja. Sufu hukupa joto hata ikiwa na unyevu kidogo. Pamba ikilowa jasho inakunyonya joto, ndiyo maana fulana nzito ya pamba inayokufaa Arusha jioni itakuangusha huku.

Vaa kwa tabaka: fulana ya kubana, sweta, jaketi. Joto linashikwa na hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, kwa hiyo zisikubane kupita kiasi. Soksi tatu ndani ya kiatu kilichojaa zitazuia damu, na vidole vitakufa ganzi haraka kuliko ukivaa moja.

Onyo: ukianza kupanda mlima au kupasua kuni, vua tabaka moja kabla hujatoka jasho. Jasho lile ndilo litakalokugandisha ukisimama.

Umefanikiwa kama asubuhi ukitoka nje unasikia ubaridi kidogo, na baada ya dakika kumi za kutembea uko sawa. Ukitoka ndani ukiwa na joto tele, umevaa kupita kiasi.

## Hatua ya 3: Ziba chumba, lakini usikizibe chote

Nyumba nyingi utakazopewa ni za tofali la kuchoma na bati, mara nyingi bila silingi. Usiku pumzi yako inapanda, inagonga bati baridi, inageuka maji, na alfajiri inakudondokea usoni. Wageni hudhani paa linavuja.

Kama hakuna silingi, tundika turubai jepesi au viroba vilivyoshonwa pamoja juu ya kitanda, vikiwa vimeinama upande mmoja ili maji yateremkie ukutani. Ni kazi ya nusu siku na fundi wa kijijini ataifanya vizuri kuliko wewe.

Ziba nafasi chini ya mlango kwa gunia lililokunjwa. Ziba nyufa za dirisha kwa karatasi na matope. Acha tundu moja juu, la ukubwa wa ngumi, lisizibwe hata iweje. Chumba kisichopumua kinajaa unyevu, na ndani ya wiki mbili nguo zako zitaota ukungu kwenye begi.

Kitanda kisigusane na ukuta. Chini ya godoro tandika maboksi makavu, matabaka mawili au matatu. Watu wanarundika mablanketi juu yao huku baridi inawapanda kutoka chini, kwa sababu godoro la sponji likilaliwa linabonyea na kubaki jembamba. Nikiambiwa nichague blanketi la tatu au maboksi matatu, nitachukua maboksi.

Kila siku jua likitoka, fungua dirisha saa mbili hivi na usimamishe godoro. Likiguswa mchana liwe kavu na la vuguvugu upande wa chini. Hapo umepatia.

## Hatua ya 4: Jifunze moto kabla hujauhitaji

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza kuni. Huku kuna miwati, mikaratusi na misindano. Msindano unawaka haraka na kuisha haraka, na moshi wake ni mweusi. Mwati ndio wa kupikia, kaa lake linadumu. Kwenye mashine za kupasulia mbao utapata mabanzi kwa bei ndogo. Ni mazuri ya kuanzishia moto. Nunua kuni za wiki tatu kwa mpigo, uzipange ndani au chini ya upenu, mbali na ardhi. Kuni ulizonunua leo ni za kutumia wiki ijayo.

Kuzijua kavu: gonganisha mbili. Kavu zinalia kwa ukali, mbichi zinalia kama umegonga ndizi. Tazama na mwisho wa gogo. Lililokauka lina nyufa.

Sasa uwashe:

1. Safisha majivu kwenye mafiga, lakini acha kidogo. Majivu makavu yanazuia ubaridi wa ardhi usiupige moto.
2. Weka magunzi ya mahindi mawili matatu makavu, na juu yake vibanzi vyembamba vya msindano wenye utomvu. Kibanzi kiwe chembamba kama kidole kidogo cha mtoto, si zaidi.
3. Washa kwa chini, upande upepo unakotokea. Subiri magunzi yashike mpaka yawe na ncha nyekundu. Usipulize mapema, utauzima.
4. Ongeza mabanzi membamba, kisha kuni mbili za mwati, vichwa vikikutana katikati na nafasi ya hewa chini.
5. Moshi ukiwa mweupe na mzito, kuni zako zina maji. Usiongeze nyingine, vuta moja nje, acha hewa iingie.
6. Ukimaliza kupika, sogeza kuni zako za kesho karibu na mafiga zikauke kwa joto lililobaki. Ukiamka utashukuru.

Mafuta ya taa usimwage kwenye moto ulioanza kufifia. Petroli usiikaribishe jikoni kabisa. Na skafu ndefu ivue kabla ya kuinama.

Sasa mkaa, nisikilize vizuri. Usiingize jiko la mkaa chumbani unapolala. Kila msimu wa baridi tunasikia watu waliokutwa wamekufa hivyo. Mkaa unaoungua unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Watu husema, "moshi umeisha, mkaa umekuwa mwekundu, sasa ni salama." Si kweli, mkaa mwekundu usio na moshi bado unaitoa. Mshumaa hautakuonya, utaendelea kuwaka. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na ule usingizi unakufanya usitoke. Ukihisi hivyo karibu na jiko, toka nje mara moja, watoe na wengine, nenda zahanati hata kama umepata nafuu.

Jiko litumike penye hewa, na litolewe nje kabla ya kulala. Joto la kitandani tutalipata kwa njia nyingine, hatua ya 8.

Umefuzu kama unaweza kuwasha moto asubuhi ya manyunyu kwa njiti moja ya kiberiti na chai ikachemka bila jirani kuja kukuokoa. Wengi huchukua wiki kadhaa. Kuomba kaa kwa jirani si aibu. Nenda na kipande cha bati au koleo, na siku nyingine naye ataomba kwako.

## Hatua ya 5: Oga mchana

Kuoga saa kumi na moja alfajiri ni tabia ya mjini, iache. Oga kati ya saa sita na saa tisa mchana jua likiwepo, mara mbili au tatu kwa wiki zile kali, na siku nyingine nawa uso, kwapa, miguu na sehemu za siri kwa maji ya moto. Hakuna atakayekusema, wenyeji wenyewe wanafanya hivyo.

Chemsha sufuria moja, changanya kwenye ndoo nusu. Weka nguo kavu karibu kwa mpangilio wa kuvaa, fulana juu kabisa. Anza na miguu, kichwa kiwe mwisho, na kichwa kisilowe jioni. Ukimaliza jifute, jipake mafuta ya mgando ungali na unyevu kidogo, vaa upesi, kisha unywe kitu cha moto. Ngozi ya mtu wa pwani hupasuka huku, hasa visigino na midomo, na losheni nyepesi hazisaidii.

## Hatua ya 6: Fua kidogo kidogo, anika kwa akili

Kufua nguo za wiki nzima Jumamosi kunafaa Dar. Huku ukungu unaweza kukaa siku nne mfululizo, na ndoo yako ya nguo inaanza kunuka.

Fua vipande viwili au vitatu kila siku yenye jua, kabla ya saa nne asubuhi. Maji yawe ya vuguvugu. Ukiloweka mikono kwenye maji ya bomba la asubuhi vidole vinavimba. Kamua kwa kuviringisha nguo ndani ya taulo kavu na kuikanyaga. Njia hii inatoa maji mengi kuliko kusokota.

Anika penye upepo, upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi. Saa tisa na nusu alasiri anua vyote, viwe vimekauka au la, kwa sababu umande unarudi mapema na utapoteza ulichopata. Visivyokauka vimalizie jikoni, juu lakini kando ya moto. Vitanuka moshi. Kila mtu huku ananuka moshi, na mimi naona ni harufu ya mtu aliyekaukiwa.

Nguo ya ndani na soksi zisivaliwe na unyevu eti "zitakaukia mwilini". Zitakauka, kwa gharama ya joto lako, na katikati ya vidole utapata fangasi.

Jaribio: bandika nguo shavuni. Mkono hukosea ukiwa wa baridi, shavu halikosei.

## Hatua ya 7: Kula kwa wakati, na uelewe maharage

Barua nyingi ninazopokea zinahusu maharage. "Nimepika kwa muda wa saa nne hayaivi, nimeuziwa mabovu?" Hukuuziwa mabovu. Ukiwa kwenye mita 2,000 maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi badala ya 100, na Kitulo ni 91 hivi. Hata uchochee moto namna gani, maji hayatapanda zaidi ya hapo. Utamaliza kuni tu.

Loweka maharage tangu jana yake, mwaga maji hayo, pika kwa sufuria yenye mfuniko uliolemewa na jiwe safi. Chumvi na nyanya vitiwe yakishaiva. Ukiwa na sufuria ya presha, iandike ya kwanza kwenye orodha yako. Makande vilevile.

Maji ya kunywa nayo, kwa sababu hiyohiyo, yaache yachemke kwa nguvu dakika tatu nzima ukiwa juu ya mita 2,000.

Viazi ndio mkombozi wako. Vinaiva haraka, ni vingi, vinashibisha. Kula mlo mzito jioni, wenye mafuta: viazi na maharage, ugali na njegere, maziwa ukiyapata. Mwili unaochakata chakula unajipasha moto usiku. Anayelala na chai na andazi ataamka saa nane.

Na kunywa maji. Kwenye baridi kiu haiji, mkojo unakuwa wa njano nzito, kichwa kinauma, na mtu anasema "ni baridi". Jaza chupa ya chai asubuhi, uimalize kabla ya saa kumi.

Kuhusu pombe: ulanzi, pombe ya mianzi, ni wa msimu wa mvua, kwa hiyo Juni utakaribishwa zaidi komoni, pombe ya nafaka. Ukinywa, nywa ukijua kwamba joto unalolisikia ni damu inayokimbilia kwenye ngozi, na kutoka hapo joto linapotea. Kutembea peke yako usiku wa jalidi ukiwa umelewa ni hatari ya kweli.

## Hatua ya 8: Usiku

Jioni tazama juu. Anga likiwa safi, nyota zimejaa na hakuna upepo, jiandae, huo ndio usiku wa jalidi. Asubuhi majani yatakuwa meupe na maji kwenye beseni la nje yatakuwa na utando wa barafu. Ukungu ukifunga, usiku hautakuwa mkali vile, kwa kuwa wingu linazuia joto la ardhi lisipotee.

Utaratibu ni huu:

1. Nusu saa kabla ya kulala chemsha maji, jaza kidumu kizito mpaka karibu na shingo, kaza kifuniko, kigeuze uone kama kinavuja. Kivishe soksi au kifunge kwa kitenge. Chupa nyembamba za maji ya dukani zisitumike. Zinanywea na kumwaga.
2. Kiweke katikati ya kitanda. Ukiingia kisukume miguuni.
3. Badilisha nguo zote. Hata kama unaziona kavu, za mchana zina jasho. Vaa za kulalia, soksi za sufu na mzula.
4. Nenda chooni hata kama hujabanwa.
5. Rukaruka au piga pushapu kumi. Blanketi halitengenezi joto, linatunza unaloingia nalo.
6. Pua iwe nje. Ukijifunika gubigubi pumzi inalowesha shuka.

Asubuhi maji ya kidumu bado yana uvuguvugu, nawia uso.

Ukiamka saa kumi usiku mara moja tu, na ukalala tena, hiyo ni alama nzuri. Kuamka kila saa maana yake rudi hatua ya 3, angalia maboksi.

## Hatua ya 9: Usiuite kila ugonjwa "baridi"

Kutetemeka kwa baridi huisha ukijipasha moto. Kutetemeka kwa homa hakuishi. Mikoa ya Njombe na Iringa ina malaria kidogo kuliko sehemu nyingi za nchi, na hapo ndipo mtego ulipo: wewe umetoka pwani au ziwani, na vimelea huweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuumwa na mbu. Ukipata homa mwezi wa kwanza, nenda zahanati, sema umetoka wapi, upimwe. Ikizidi, hospitali ya Ikonda ipo hapahapa Makete na inapokea wagonjwa kutoka mikoa mingi.

Vidole vikiwa vimekufa ganzi usiviweke motoni. Vitie kwapani au kwenye maji ya vuguvugu. Wanaokimbilia moto ndio wanaopata vidole vyekundu, vilivyovimba, vinavyowasha usiku kucha.

Jua la huku linadanganya. Hewa ni baridi lakini miale ni mikali kuliko pwani. Pua na midomo zipake mafuta ya kukinga jua, vaa kofia yenye ukingo mchana.

Funza wapo kwenye vumbi la majira haya. Vaa viatu hata ndani, kagua vidole kila jioni.

## Hatua ya 10: Juni na upweke

Wanaofundisha wanasahau kwamba shule hufungwa mwezi wa sita. Umezoea kelele za watoto, ghafla kijiji kimetulia, walimu wenzako wamekwenda kwao, unakaa na ukungu. Baridi na kukosa kazi vikikutana, mtu anafunga mabegi. Panga Juni yako tangu Mei.

Kazi zipo. Viazi vinachimbwa, mahindi ya huku yanachelewa kukauka na yanavunwa majira haya. Mwambie mama mwenye nyumba wako, "Mama, kesho nakwenda na nyinyi shambani." Hutavuna kama wao, watakucheka, na jioni utakaa jikoni kwao kama mtu wa nyumbani. Jikoni kwa watu ndipo penye joto, moto mmoja unapasha watu wanane.

Salamu usiipite. "Kamwene" utaisikia Iringa na Njombe. Ukivuka kwenda Rungwe kwa Wanyakyusa, shukuru kwa "ndaga". Mzee ni shikamoo kwanza, mengine baadaye, na usisalimie ukitembea. Msiba ukitokea, nenda, toa mchango wako mdogo, kaa. Mgeni anayekwenda msibani huwa si mgeni tena.

Wanafunzi wasitumwe kukuletea kuni na maji, hata kama wanajitolea wenyewe kwa furaha. Nunua, na bei iwe ya kijiji. Ukilipa maradufu unawapandishia majirani.

Kwenye vituo vya watoto, usimwulize mtoto wazazi wake walikufa na nini. Njombe ndio mkoa ulioongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 11.4 ya watu wazima katika utafiti wa 2016–2017, na karibu kila ukoo umezika. Mtoto akitaka kusema atasema, siku mnamenya viazi.

## Simu na usafiri

Betri hufa haraka kwenye baridi. Lala na simu kitandani, na usiichaji ikiwa ya baridi sana. Ulizia mtandao upi unashika kijijini kabla ya kununua laini. Mara nyingi ni kilima kimoja tu, na utawakuta watu wamesimama pale jioni.

Weka akiba ya nauli ya kutoka kijijini hadi Njombe au Mbeya, taslimu, pasipoguswa. Wakala wa kijijini huweza kuishiwa fedha siku ya mnada.

## Lini uondoke kweli

Kuna wanaopaswa kushuka, na kushuka si kushindwa. Shuka kama pumu inabana usiku zaidi ya mara mbili kwa wiki licha ya dawa, kama unakohoa damu au una homa isiyopona, kama una ujauzito na hospitali iko mbali mno, au kama umeacha kula na hutaki kuonana na mtu kwa wiki nzima. La mwisho hilo wengi wanalificha. Mwambie mwenyeji wako mapema.

Usiondoke kimyakimya. Muage mwalimu mkuu au kiongozi wa kituo, mtendaji, na mama mwenye nyumba. Magari ya vijijini huondoka alfajiri na mchana huwa hakuna, kwa hiyo mwambie kondakta tangu jana yake akupitie, uwe umesimama barabarani ukiwa umevaa, na sweta ipo kwenye begi la mkononi.